Pipa la Elwood na Uso wa Mkwewe

Shemeji yangu Elwood Burkholder aliwagawa binadamu mafungu mawili: wanaopenda bia ya mizizi, na wanaohitaji kuombewa. Fungu la kwanza lilikuwa dogo, maana dunia yote nje ya Amerika, kwa kadiri alivyoelewa yeye, ilikuwa kwenye fungu la pili, na hata humu ndani hakuwa na hakika sana na watu wa New York.

Lile neno bia lisikutishe. Sisi wa Weaverdale, Pennsylvania, wengi ni Wamenoni, Wakristo wasiogusa pombe, na ulevi wetu mkubwa ni pai ya molasi na kusengenyana baada ya ibada. Bia ya mizizi hailevyi. Ukinywa ndoo nzima utajaa gesi na kubeua hadi Jumanne, basi. Elwood aliipika kama baba yake alivyoipika: mizizi ya msasafrasi aliyoichimba mwenyewe msituni theluji inapoanza kuyeyuka, magome ya miti, molasi, sukari isiyo na huruma, hamira ya kuitia povu, na mwishoni maji ya majani fulani madogo ya porini, ambayo ndiyo roho ya kinywaji chenyewe. Majani hayo yananukia sawasawa na dawa ya kuchua misuli. Kwetu sisi hiyo ni harufu ya utoto. Kwa wengine ni harufu ya babu aliyeteguka mgongo.

Najua ninachosema. Ujanani nilifundisha shule ya misheni Musoma, na nilikwenda na chupa chache za Elwood kwenye sanduku. Mwalimu mwenzangu Magesa alifungua moja, akanusa, akarudisha kifuniko kwa adabu zote, akaniuliza, "Mwalimu Fern, hii ni ya kunywa au ya kupaka?" Mimi nami nikarudi Pennsylvania na mapenzi ya soda ya tangawizi, ile inayounguza koo mpaka machozi yakutoke. Nikampa Elwood aonje. Akakohoa, akajifuta macho, akasema, "Shemeji, koo la watu liliwakosea nini hao?" Tangu hapo tukawa na utani wetu: mimi mnywa pilipili, yeye mnywa dawa ya mgongo.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, na aliongea na watu kama alivyoongea na ng'ombe: kwa upole, maneno machache, bila kutegemea jibu. Alimwoa dada yangu Erma. Erma alipofariki, Elwood aliuza ng'ombe, akaacha kuimba kanisani, na ndevu akawa anazinyoa upande anaoukumbuka. Kitu kimoja tu hakukiacha, nacho ni pipa. Kila Agosti kikosi chetu cha zimamoto hufanya tamasha la kuchangia gari na mipira ya maji, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, na kwenye tamasha hilo nafasi ya kati ya meza yangu ya pai na banda la chipsi ni ya pipa la Elwood. Mwaka mzima alikuwa akiingoja. Wengine hungoja Krismasi.

Sasa, binti yao Janelle alikwenda mjini kusomea uuguzi, akarudi na Percy Huamaní, fundi umeme kutoka Arequipa, Peru. Kijana mwenye bashasha, mfupi kuliko Janelle kwa kipimo ambacho Elwood alikiona na kukinyamazia. Percy aliingia jikoni, akamkumbatia Elwood, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika jiko lile tangu lijengwe, kisha akatoa zawadi: chupa ya soda ya njano ya kwao.

"Hii, baba mkwe, Peru tunainywa kuliko maji," alisema.

Elwood aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua mkojo wa ng'ombe mgonjwa. Akanusa. "Inanuka chingamu ya bazoka," akasema.

"Ndiyo!" Percy alifurahi. "Ndiyo uzuri wake!"

Elwood akaiweka juu ya kabati, asiionje, akammiminia mkwe wake mtarajiwa bilauri ya bia ya mizizi mpaka povu likamwagika mezani. Percy akapiga funda kubwa la heshima. Nilikuwepo, nilimtazama. Macho yalimtoka. Mashavu yalijaa. Alizunguka akitafuta sinki, akamwona Janelle, akameza, na mwili wote ukatetemeka kuanzia mabegani kwenda chini.

"Baba mkwe," alisema alipopata sauti, "samahani kuuliza. Bibi yangu alikuwa na dawa, alikuwa ananichua nayo kifua nikikohoa. Mmeitia sukari?"

Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Elwood hakucheka. Alisema tu, "Huyu ataombewa," na arusi ikafanyika mwezi wa kumi.

Hapo lazima niseme jambo moja kuhusu watu wetu. Kwetu mtu hasemi chakula ni kibaya. Ukipewa supu yenye ladha ya soksi, unamaliza bakuli, unafuta mdomo, unasema, "Hii ni tofauti." Tofauti ndilo tusi letu kubwa kuliko yote. Kuna mwanamke kanisani aliambiwa kachumbari yake ni tofauti, akahamia usharika mwingine. Percy hakuwa na mambo hayo. Kitu kikimkera uso wake wote unakimbia, kikimpendeza anakubusu mashavu. Kwa hiyo watu wakajipatia mchezo. Kila tamasha, Alhamisi jioni, wakati pipa linafunguliwa, kikombe cha kwanza kilikuwa cha Percy. Zimamoto wote na wake zao walisogea, Percy akajivuta mbele, akanywa, na uso ukafanya mambo yake: pua juu, ulimi nje, jicho moja limefumba. Umati ukashangilia. Elwood akiwa nyuma ya pipa na upawa wake uso ameukaza, lakini nilimjua. Alikuwa anafurahi mpaka masikio yanakuwa mekundu. Na kila mwaka Percy naye alimletea chupa ya soda ya njano, na kila mwaka Elwood aliipeleka juu ya kabati bila kuifungua. Kulikuwa na safu nzima kule juu.

Basi majira ya baridi yaliyopita Elwood alishikwa na mafua mabaya, wiki kadhaa kitandani. Akapona. Au tukadhani amepona. Mwezi wa nne hivi nilimpelekea keki, nikamkuta kibarazani na mbwa wake, Butch, kichwa cha mbwa kiko mapajani. Kabla sijafika hata kwenye geti nilikuwa nimeshabana pua kwa aproni. Kicheche alikuwa amemnyunyizia yule mbwa maji yake yote ya laana. Majirani walikuwa wamefunga madirisha. Na Elwood amekaa anamkuna masikio, anakunywa kahawa.

"Elwood," nikasema kwa mbali, "hilo jambo husikii harufu yake?"

Akanitazama. Akamtazama mbwa. Nikaona anatafuta jibu kichwani. "Naisikia," akasema. "Baya kweli."

Alijifanya anasikia harufu, nami nikamwacha. Lakini niliporudi nyumbani moyo uliniuma. Pua ya Elwood ilikuwa imekufa, anajua, na hataki mtu ajue, kwa sababu Leroy Nolt, mkuu wetu wa zimamoto, kijana wa juzi mwenye masharubu ya kuazima, alikuwa ameshaanza maneno. Kwamba kuna kampuni inaleta tangi la soda la kiwandani, lina mabomba, lina aina sita, hakuna wa kuchemsha mizizi. Kwamba mzee Elwood amechoka, apumzike. Akipumzishwa kwenye pipa lile, hakuna kingine kilichobaki cha kumwamsha asubuhi. Mimi nilijua hivyo, Janelle alijua hivyo, na zaidi ya wote alijua Elwood mwenyewe.

Akapika hivyo hivyo. Akapika bila pua.

Tatizo ni kwamba Elwood hakuwahi kuandika kipimo chochote wala kubandika jina kwenye chupa. Kule chini ya nyumba, kwenye rafu, kulikuwa na chupa za udongo zinazofanana, na alikuwa anazijua kwa kuzifungua na kunusa. Moja ilikuwa na maji ya yale majani. Nyingine ilikuwa na vanila, ambayo Erma aliiloweka kwa ajili ya keki za kanisa. Zote zina maji ya kahawia. Elwood akafungua, akanusa kwa mazoea, hakusikia kitu, akakisia. Aliweka vanila. Akaonja, ulimi ukamwambia tamu, maana hicho ndicho ulimi peke yake unachojua. Akaongeza vanila.

Alhamisi ya tamasha ikafika, joto la kukausha nguo ukiwa umezivaa. Percy alikuwa amechelewa kazini, kwa hiyo watu walianza kuhudumiwa kabla yake. Nilipata kikombe changu. Nikanywa. Nikabaki nimekishikilia kikombe mdomoni. Ilikuwa kama keki ya arusi iliyoyeyushwa ikatiwa povu.

Nikatazama wengine. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Mke wa mchungaji alimeza, akasema, "Imepoa vizuri sana, Elwood." Mzee anayenadi vitu kwenye tamasha akasema, "Pipa limesafishwa vizuri mwaka huu." Mwingine akasifu vikombe. Hakuna aliyethubutu kusema tofauti. Neno hilo Elwood angelielewa papo hapo, na watu wa Weaverdale wanampenda. Wakamshukuru mmoja mmoja, wakazunguka nyuma ya hema, wakamwaga kwenye majani. Nyuki walikuwa kule kama wameitiwa mkutano. Leroy peke yake ndiye aliyebaki karibu na pipa, mikono kiunoni, anapima mambo.

Elwood alikuwa anamimina huku akisoma nyuso. Anauliza, "Vipi?" Anaambiwa, "Baridi kweli." Jasho lilikuwa linamtoka, na si la joto.

Hapo ndipo Percy alipofika mbio, nguo za kazi bado mwilini. Watu wakafanya duara kama kawaida, ila safari hii hakuna aliyecheka. Elwood akajaza kikombe, akampa kwa mikono yote miwili. Percy akajiweka tayari kama mtu anayesubiri sindano. Akanywa.

Uso ukatulia. Kisha ukafunguka. Kisha yule kijana akatabasamu tabasamu pana kabisa, akamaliza kikombe chote, akalamba mdomo.

"Baba mkwe!" alipaza sauti. "Mwaka huu umeiweza! Hii sasa ndiyo soda! Kama ya kwetu! Nipe nyingine!"

Hata banda la chipsi lilinyamaza. Mwanamuziki wa kodiani tu ndiye aliyeendelea, kwa kuwa hasikii vizuri.

Elwood alimtazama Percy muda mrefu. Rangi ilimtoka. Akanigeukia mimi, si mchungaji, si Janelle, akauliza polepole, "Shemeji. Ikoje?"

Ningeweza kusifu vikombe. Lakini nilitaniana na yule mtu maisha yangu yote, na kama nikimdanganya mimi, atamuuliza nani?

"Ni tofauti, Elwood," nikasema.

Mke wa mchungaji alishika kifua. Elwood akatikisa kichwa kukubali, akatundika upawa kwenye ukingo wa pipa, akavua aproni, akaikunja vizuri. "Leroy," akasema, "ita hao watu wako wa tangi." Akaondoka kwa miguu kuelekea nyumbani, na hakuna aliyemfuata kwa sababu hatukujua mtu hufuatwa vipi.

Percy alinishika mkono. "Mama mdogo, nimesema nini? Mimi nimemsifu!"

"Ndiyo balaa lenyewe," nikamwambia. "Wewe ukiipenda, basi imeharibika." Nikamweleza yote: mafua, kicheche, na zile chupa, ambazo nilizikisia kwa ladha ya vanila.

Akasimama akifikiri, bado ana kikombe mkononi. Halafu akasema kitu ambacho Mmenoni hawezi kukisema. "Ninyi nyote mmeizoea. Mkiulizwa ladha yake mtasema ni ya utotoni, ni ya nyumbani, sijui nini. Mimi naijua. Mimi hiyo ladha naiota, mama mdogo. Mwezi wa saba ukiisha naanza kuamka na kichefuchefu."

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda kwa Elwood, mimi na Percy. Tulimkuta jikoni amekaa na mbwa. Leroy nilikuwa nimeshamwambia kwamba akigusa simu kabla ya Jumapili sitampa pai mpaka afe, na Leroy ni mtu wa pai.

"Sisikii harufu," Elwood alisema kabla hatujaketi. "Tangu yale mafua. Sisikii ya kahawa, sisikii ya sabuni, sisikii ya nyumba hii." Akamkuna mbwa masikio. "Nguo za Erma ziko kabatini. Nilikuwa nafungua kabati kila siku."

Nilimshika bega, akakubali, jambo ambalo kwetu ni sawa na kulia kwa sauti.

Percy alivuta kiti. "Baba mkwe, nipe kijiko."

"Cha nini?"

"Wewe pika. Mimi nitaonja. Nikiipenda, mwaga."

Elwood alimtazama yule mfupi wa Arequipa. "Utateseka," akamwambia.

"Najua, mzee."

Tukashuka chini ya nyumba. Mizizi ilikuwa imebaki, sukari ilikuwepo. Mambo yalipochemka na kupoa kiasi, Elwood akashusha zile chupa za udongo, akamnusisha moja.

"Ah, hii nzuri," Percy akasema.

"Weka mbali."

Akamnusisha nyingine. Percy alirudi nyuma akagonga rafu. "Hiyo! Hiyo hiyo! Funika!"

Elwood hakufunika. Alimimina kidogo, akakoroga, akampa kijiko. Percy akaonja, akakunja uso.

"Vipi?"

"Mbaya. Lakini bado. Naweza kumeza."

Akaongeza. "Sasa?"

"Inanuka hospitali. Bado. Ya kwenu hunuka hospitali ya zamani, yenye wazee."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimejiziba mdomo. Elwood akaongeza tena, kidogo tu, kama anayelisha kifaranga. Percy akaonja. Kijiko kilidondoka. Akakimbilia sinki, akatema, akafungua bomba akaingiza kichwa chote, na kutoka ndani ya maji tukasikia akimwita mama yake, bibi yake, na mtakatifu fulani nisiyemjua.

"Tayari?" Elwood akauliza.

Percy akageuka, maji yanamchuruzika. "Tayari, baba. Ni mbaya kabisa."

Na Elwood Burkholder, ambaye sikumwona akicheka tangu tulipomzika dada yangu, alicheka mpaka akashikilia pipa.

Hamira ilifanya kazi yake kwenye joto lile, na Jumamosi jioni pipa likafunguliwa upya. Percy alikunywa mbele ya watu wote bila kuigiza hata kidogo, hana haja. Uso ulikwenda huko ulikokuwa ukienda siku zote, jicho moja limefumba. Nimewahi kusikia kelele za furaha Weaverdale, lakini si za namna ile. Mke wa mchungaji alirudia vikombe vinne. Leroy akapanga foleni kama watu wengine, akanywa, akatazama viatu vyake, akaomba kingine.

Niliona kwamba Elwood hakuonja cha kwake. Alikuwa anamtazama Percy tu, kwa makini, kama mtu anayesoma barua kutoka kwa ndugu aliye mbali, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Pipa lilipokauka tulikaa kwenye benchi nyuma ya meza yangu. Percy akatoa mfukoni chupa ya soda ya njano, kama kila mwaka, akampa. Nilidhani itakwenda kabatini na wenzake. Elwood akaifungua kwa ukingo wa meza, akanywa funda, akakaa nalo mdomoni, akameza.

"Vipi?" Percy akauliza, kwa wasiwasi hasa.

"Tamu," Elwood akasema. Akaizungusha chupa mkononi. "Zaidi ya hapo sijui. Mengine niambie wewe, mwanangu."

Percy akasogea karibu, akaanza kumwambia.